Kufunga Barabara ya Ziwani

Machi ishirini na sita, saa moja asubuhi,
nashuka ziwani na keekee na rula ya bati.
Juzi sentimita arobaini na tatu. Jana thelathini na tisa.
Leo barafu imeoza kwa ndani, kama jino:
juu nyeupe bado, chini vijiti vya kijivu
vinavyomong'onyoka kiganjani.

Kila majira ya baridi manispaa hunikabidhi barabara
isiyokuwamo kwenye ramani.
Mimi huikwangua theluji,
huipandia matawi ya msonobari huku na huku
dereva asije akapotelea kwenye weupe.
Kilomita nne tu, toka kituo cha mafuta cha Lahnaranta
hadi ng'ambo, kwenye nyumba tisa na kanisa lisilo na mchungaji.
Kwa nchi kavu ni arobaini na mbili,
njia inalizunguka ziwa, ghuba kwa ghuba,
kama mtu mwenye swali anayeogopa kuuliza.

Sheria zake ni za kinyume.
Usifunge mkanda, huenda ukahitaji kuruka.
Usimfuate mwenzako kwa karibu.
Usisimame, hata kwa salamu
(hiyo ya mwisho, kwa watu wa hapa, si ngumu).

Usiku ziwa hunguruma, likajibiwa na ufuko.
Kwingine watasema ziba ufa.
Ufa wa huku hauzibwi, husomwa.

Sasa Armas Tuokko.
Miaka sabini na nane, vidole vinane:
viwili alivisahau kiwanda cha mbao.
Kila Alhamisi, Januari hadi Machi,
Opel yake ya rangi ya chai ya mkandaa
hupita mbele yangu polepole, dirisha wazi,
ikielekea kwa Tyyne Hakkola, mjane,
na mji mzima hutazama ng'ambo
moshi wa sauna ukipanda wima
na hausemi neno.

Kiangazi wengine hufurahi. Jua linagoma kuzama,
watoto wanarukia maji toka gatini.
Yeye macho yake hayawezi tena ile njia ndefu.
Hukaa jikoni na darubini ya kuwindia
akihesabu nguo kwenye kamba ya mtu
kilomita nne mbali.

Saa nne nilibandika tangazo: inafungwa saa sita.
Saa tano na nusu, Opel.
Nikainua mkono, akapunguza mwendo, hakusimama.
"Nafunga saa sita, Armas."
"Kusoma najua," akasema, akapita,
matairi yakirusha maji ya juu ya barafu.

Saa sita nikatazama ng'ambo.
Saa sita na dakika kumi.
Saa sita na robo, aibu ikanishika,
nikavuta mti nikaiziba njia, nikatia kufuli.

Kituoni, Seija alikoroga kahawa isiyo na sukari.
"Gari lake litakuwa limekataa kuwaka," alisema.
"Lilianza kukataa mwaka juzi," akajibu mwanawe.
Hakuna aliyecheka.
Mtu aliomba bun ya iliki, akapewa ya jana.

Jioni, kwenye kidato cha greda langu la theluji,
nikaukuta ufunguo uliofungwa kwa uzi wa ndoana
na karatasi: Ua moja, dirisha la jikoni.
Jumanne. Maji kidogo.

Barafu iliondoka Mei tarehe tatu, usiku,
kwa sauti ya glasi nyingi zikibebwa na mtu mwangalifu.
Tarehe tano ilikuwa Jumanne.
Nikasimama jikoni kwake, kikombe mkononi,
na darubini ilikuwa pale pale dirishani.
Nikaiinua. Ndiyo, niliiinua.

Shuka mbili. Aproni.
Shati kubwa la miraba, limebanwa kwa vibanio vitatu.

Nikairudisha juu ya duara lake la vumbi,
na lile ua nikalimwagilia
zaidi ya nilivyoagizwa.